Hosi ya Hajati na mtetemo wa nyuma uliogoma kuisha

Hii gari ililetwa kwangu Tororo mwezi wa tatu, na ilikuja na historia yake kama mgonjwa aliyezunguka hospitali nne na bahasha ya picha mkononi. Ni hosi (kichwa cha lori) ya ekseli 3, dif mbili nyuma (dif ni lile boksi la meno katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu), inavuta trela ya simenti kutoka hapa Tororo kwenda Mbale, Kumi, Soroti, na mara nyingine inasukuma mpaka Lira. Kampuni iliyoitengeneza siitaji maana gari yenyewe haikuwa na kosa, na mafundi walionitangulia nao siwataji, wengine tunakunywa chai pamoja. Mwenye gari ni mama mmoja wa Busia, sote tunamwita Hajati, mtu wa maneno machache na daftari kubwa.

Shida ilikuwa hivi. Gari ikifika kilomita 55 kwa saa inaanza kunong'ona chini ya kiti, ikifika 62 mpaka 65 nyuma kote kunatetemeka, vioo vya saidi havionyeshi kitu zaidi ya ukungu, chupa ya maji inaruka kwenye dashibodi, halafu ukiikanyaga ikapita 75 inapungua, unadhani imepona, ukirudi 62 nayo imerudi. Na mtetemo huo ulishakaa miezi 3.

Hajati akafungua daftari. Walishabadilisha tairi zote 8 za nyuma kwa kuzizungusha, walishabalansi, walishaweka senta beringi (inayoshikilia shafti katikati) mpya mara 2, mounti za gia boksi, propela shafti (vyuma vinavyozunguka kupeleka nguvu kutoka gia boksi mpaka dif) ndefu na fupi zote zilishapelekwa Katwe Kampala zikabalansiwa kwenye mashine, krosi (viungo vya mwisho wa shafti vinavyoiruhusu ipinde) mpya, na fundi mmoja alishafungua dif ya nyuma akaangalia meno akafunga tena akasema iko sawa. Ukijumlisha ni milioni 4 na zaidi, bado hujahesabu siku gari ililala. Mama akafunga daftari akaniambia, "Mwanangu, wewe usinibadilishie kitu. Niambie kwanza ni nini." Nikamwambia sawa Hajati, nipe siku 3.

Kwa kweli ile kauli ndiyo ilinisaidia, sababu na mimi mkono ulishaanza kuwasha kushika spana. Sisi mafundi tuna ugonjwa wa kufungua. Gari ikitetemeka tunakimbilia kitu cha duara: tairi, dramu, shafti. Tunabadilisha cha kwanza, tunabadilisha cha pili, na mteja ndiye anayelipia masomo yetu.

Kwenye daftari la Hajati kulikuwa na kitu kimoja kilinivuta jicho lakini sikukipa uzito siku ile. Krosi hazikubadilishwa zote sawa. Kuna krosi moja, ya nyuma kabisa, inayoingia dif ya pili, iliyobadilishwa mara 2 ndani ya miezi 3. Zingine zilibadilishwa mara moja tu, tena kwa sababu "tushafungua basi tuweke mpya". Krosi nzuri iliyopakwa grisi vizuri inakaa muda mrefu sana, haifi baada ya wiki 6. Ningeshika hapo hapo ningeokoa siku nzima.

Nikakaa na dereva kwanza. Mzee wa makamo, ameendesha barabara hii tangu ikiwa mashimo matupu. Nikamuuliza, mzee, unasikia wapi, kwenye usukani au kwenye kiti? Akasema usukani umetulia kabisa, ni kiti na sakafu. Hiyo inasema mbele kuna usalama. Tairi ya mbele ikiharibika utaiona mikononi kabla hujaisikia matakoni. Nikauliza ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu? Akasema kote ipo lakini ukiwa na mzigo na unapanda kidogo ndiyo inazidi. Ukikanyaga breki? Haibadiliki. Nikauliza pia kabla haijaanza kulikuwa na nini, ajali, shimo, matengenezo? Akasema hakuna fundi, ilianza tu yenyewe. Nikaandika "yenyewe". Hilo neno tutalirudia.

Kesho yake asubuhi tukaenda barabara ya Mbale, trela ikiwa tupu, mimi nimekaa upande wa abiria na karatasi. Jaribio la kwanza ni la bure na watu wengi hawalifanyi. Tukashika 62 kwenye gia ya mwisho, inatetemeka. Tukapunguza gia moja, 62 ileile, injini sasa inalia juu zaidi, inatetemeka vilevile. Halafu kwenye sehemu tambarare isiyo na gari wala watoto wa shule tukapanda mpaka 70, dereva akatoa gia, ikawa nyutro, tukaiacha ishuke yenyewe pole pole (hii usifanye mteremkoni, hosi yenye trela kwenye nyutro mteremkoni ni jeneza). Ilipopita 65 ikaja, 62 ikakolea, 55 ikaondoka. Ilipungua kidogo kuliko ikiwa kwenye gia lakini ilikuwepo.

Kwa dakika 20 hivi tushatoa injini, klachi na flaiwili kwenye kesi. Mtetemo ungekuwa wa injini ungefuata spidi ya injini, kumbe huu unafuata spidi ya barabara, iwe gia gani, iwe hakuna gia. Kwa hiyo ni kitu kinachozungushwa na magurudumu kuanzia mkia wa gia boksi kurudi nyuma. Tukarudi tukaacha trela, tukatoka na hosi peke yake, bado ipo. Trela nayo ikaachiliwa, haina kesi ya kujibu.

Sasa hapa ndipo hesabu inaingia, na naomba msikimbie, ni hesabu ya darasa la sita.

Nilichora chaki kwenye tairi na kwenye sakafu, tukaisogeza gari mpaka chaki ya tairi irudi chini tena, tukapima kwa tepu. Mita 3.28 kwa mzunguko mmoja. Spidi ya kilomita 62 kwa saa ni mita 17.2 kwa sekunde. Gawanya, unapata gurudumu linazunguka mara 5 na robo kila sekunde. Dif za hii gari ni meno 43 kwa 11, yaani propela inazunguka mara 3.91 kila gurudumu likizunguka mara moja. Kwa hiyo shafti, ikiwa gari iko 62, inazunguka mara 20 na nusu kwa sekunde.

Shika namba hizi tatu kichwani. Kitu kibaya kwenye tairi, rimu au dramu kitatikisa mara 5 kwa sekunde, unaweza karibu kuhesabu kwa mdomo, gari inadunda. Shafti iliyopinda au isiyobalansi itatikisa mara 20 hivi, maana sehemu nzito inapita chini mara moja kila mzunguko. Na krosi zikikaa pembe mbaya zitatikisa mara mbili ya shafti, yaani 41. Nitaeleza kwa nini mara mbili baadaye kidogo.

Kuhesabu 41 kwa matako hakuna anayeweza, hata awe dereva wa miaka 30. Lakini simu inaweza. Ndani ya simu zetu hizi kuna kile kitu kinachojua simu imelala au imesimama, ndicho hichohicho kinachosoma mtikisiko, na kuna programu za bure zinazokuchorea mtikisiko uko mara ngapi kwa sekunde. Simu ya kawaida inasoma mara 100 au zaidi kwa sekunde, inatosha kuona 41 bila shida. Nikamwomba tanboi simu yake akakataa akaificha kabisa, basi nikatumia yangu iliyopasuka kioo. Nikasafisha sehemu kwenye chuma cha chesisi juu ya dif ya kwanza, nikaifunga simu kwa tepu ndani ya mfuko wa nailoni, tukaenda tena barabarani, dereva akashika 62 sawasawa dakika 2.

Kuirudisha nikakuta vilima viwili. Kimoja kwenye 5 hivi. Kingine kirefu zaidi kwenye 41. Kwenye 20 hakuna kitu cha maana, kajongoo tu.

Nikakaa kwenye tairi kuukuu nikaitazama hiyo picha muda mrefu. Halafu, na hapa nikiri, nikafuata kile cha 5 kwanza kwa sababu ndicho ninachokijua. Tairi ni rahisi. Tukapiga jeki, tukaweka waya wa chuma karibu na uso wa tairi kama geji, tukazungusha moja moja kwa mkono. Ile ya ndani kushoto kwenye ekseli ya nyuma, ritredi (tairi iliyovalishwa mpira upya), ilikuwa inapanda na kushuka karibu milimita 5. Yai kabisa. Na huyo jamaa alikuwa amebalansiwa! Ndiyo, unaweza kubalansi yai, uzito ukawa sawa pande zote na bado likawa yai, likibeba tani zake linainua gari na kulishusha kila mzunguko. Tukaitoa tukaweka nyingine iliyo duara, nikawa najisikia bingwa, nikampigia Hajati simu nikamwambia nadhani tumeipata.

Tukatoka. Dereva akanyamaza mpaka 62, akaniangalia. Mdundo ule mzito umekwisha kweli, gari haidundi tena, lakini ule mtetemo wa kutia ganzi uko palepale, tena sasa unasikika vizuri zaidi kwa vile kelele nyingine imeondoka. Simu ikasema hivyohivyo, kilima cha 5 kimeanguka, cha 41 kimesimama kama mwamba wa Tororo. Ikabidi nimpigie Hajati tena, hiyo simu ya pili ilikuwa nzito.

Sasa tuje kwa 41. Wengi tunajua krosi inaruhusu shafti ipinde, lakini kile kinachotokea ikipinda hatukifikirii. Ukizungusha upande mmoja wa krosi kwa spidi moja tulivu, na shafti imekaa kwa pembe, upande wa pili hauzunguki tulivu. Unakwenda mbio, unapunguza, mbio, unapunguza, mara 2 kwa kila mzunguko mmoja. Pembe ikiwa ndogo husikii, pembe ikikua inakuwa ngumi. Ndiyo maana shafti ina krosi 2: ya kwanza inaharibu ule utulivu, ya pili inautengeneza. Lakini ya pili itatengeneza tu kama pembe yake ni sawa na ya kwanza na kama masikio ya shafti (pale krosi inapoingia) mbele na nyuma yamekaa kwenye mstari mmoja. Zikitofautiana, kile kinachobaki kinapigwa ndani ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu kwenye dif) mara 41 kila sekunde, saa 3 kwenda Soroti na saa 3 kurudi.

Na hii ndiyo sababu kubalansi kule Katwe hakukusaidia kitu. Wale jamaa walifanya kazi yao vizuri, ile kajongoo kwenye 20 ndiyo cheti chao. Shafti ilikuwa sawa. Unaweza kuwa na shafti mpya ya kung'aa na bado gari ikatetemeka, kwa sababu ubaya hauko kwenye shafti, uko pale inapofungwa.

Lakini hosi hii ya dif mbili ina shafti 3: ndefu kutoka gia boksi mpaka senta beringi, ya pili mpaka dif ya kwanza, halafu ile fupi kati ya dif na dif. Zote zinazunguka spidi moja, zote zinaweza kutoa 41. Ipi?

Kuna jaribio moja nalipenda sana hapa. Unafungua bolti za flenji (sahani za chuma za kufungia) za ile shafti fupi, unaitoa nzima, unaiweka chini ya kivuli. Unapiga loku ya kati ya dif, ile swichi ya dashibodi ambayo madereva wengi wanaitumia kwenye tope tu, ili nguvu yote iende dif ya kwanza. Bila loku gari haiendi popote, nguvu itakimbilia upande usio na kitu. Unatoka mtupu, barabara iliyonyooka, bila kona za ajabu bila kukanyaga sana. Uzuri wa hili jaribio ni kwamba magurudumu ya ekseli ya nyuma bado yanazunguka, dramu zake zinazunguka, hata kraunwili (gia kubwa ya ndani ya dif) na pinioni yake vinazunguka kwa kusukumwa na magurudumu. Kitu pekee ambacho hakipo ni shafti fupi na krosi zake 2.

Tukafika 62, chupa ya maji imetulia. 65, imetulia. 70, dereva akaanza kucheka peke yake. Nikamwambia mzee pole pole tuna dif moja tu inafanya kazi. Miezi 3 na milioni 4, na kile kitu kilikuwa kati ya flenji mbili zilizo umbali wa hatua moja.

Tukarudi, tukaosha kwa dizeli na brashi ya waya, na nikaanza kupima pembe. Hapa pia simu inatosha, ile programu ya levo ya seremala, ilimradi unaiweka juu ya chuma kilichochongwa laini siyo juu ya rangi au matope. Si lazima gari iwe kwenye sakafu iliyonyooka kabisa, maana huhitaji pembe na dunia, unahitaji pembe ya kitu na kitu, lakini gari isisogee katikati ya kupima na iwe imesimama kwa magurudumu yake siyo kwenye jeki. Kwanza nikaangalia mishale kwenye splaini (meno ya shafti yanayoteleza ndani ya mwenzake) ya ile shafti, ile alama ya kiwandani inayosema masikio yako mstari mmoja, ikawa sawa. Mtu akiifunga ikiwa imeruka jino moja au mawili utapata 41 hiyohiyo, kwa hiyo usiruke hapo.

Halafu: mkia wa dif ya kwanza, pale shafti fupi inapoanzia, unainama digrii 3.5. Shafti fupi yenyewe, 5.5. Pinioni ya dif ya nyuma, 1.0. Nikarudia mara 3 kwa sababu sikuamini, tanboi akawa ananisomea, sasa simu yake imetoka mfukoni maana ameona kazi imekuwa tamu.

Toa sasa. Krosi ya mbele inafanya kazi kwenye digrii 2. Krosi ya nyuma inafanya kazi kwenye digrii 4 na nusu. Kawaida inayofuatwa na watu wa shafti ni kwamba kila krosi isizidi digrii 3 hivi na tofauti kati ya mbili hizo isizidi digrii 1. Na isiwe sifuri pia, angalau nusu digrii, ili zile sindano (beringi nyembamba) ndani ya kikombe cha krosi zizunguke zisikae sehemu moja zikachimba. Sisi tulikuwa na tofauti ya 2.5. Na ile krosi ya nyuma kabisa iliyokufa mara 2? Ndiyo hiyohiyo ya digrii 4 na nusu. Nilipoivua, vikombe vilikuwa na mistari ya sindano kama alama za meno kwenye sabuni.

Kwa hiyo pinioni ya nyuma ilitakiwa iwe karibu 3.5 kama mwenzake wa mbele, nayo iko 1.0. Pua imeanguka. Ekseli nzima imejiviringisha kwenda mbele digrii 2 na nusu. Ni nini kinachoshika ekseli isijiviringishe? Kwenye suspensheni ya aina hii springi zinabeba uzito tu, kinachoshika ni tokirodi, vyuma vinavyofunga ekseli kwenye chesisi. Za chini 2 zinashika tumbo la ekseli na ya juu inashika kichwa. Kutoka mstari wa rodi za chini mpaka ya juu kwenye hii gari ni kama sentimita 45. Kuviringisha digrii 2 na nusu kwenye urefu huo unahitaji kusogeza kichwa sentimita 2 tu. Sentimita 2! Upana wa kidole gumba.

Nilidhani nitakuta bushi imekufa, raba imekwisha, rodi inacheza. Nikaweka pau nikaikandamiza, ngumu, haichezi hata kidogo. Ndiyo maana kila aliyepita chini ya hii gari alipiga rodi na pau akasema ziko sawa. Bushi zilikuwa nzima. Nikaanza kukwangua rangi nyeusi kwenye rodi ya juu ya nyuma, rangi iliyopakwa kwa brashi siyo ya kiwandani, na karibu na jicho la mbele (tundu linalopita bolti) nikakuta mshono wa kuchomelea, umesagwa vizuri ukapakwa rangi.

Tanboi akaiona nikiiona. Akasema kwa sauti ya chini, "Fundi, hiyo ilikatika Awoja."

Basi hadithi ikatoka yote. Mwezi wa 12, wanarudi kutoka Soroti, karibu na daraja la Awoja, ile rodi ilipasuka kwenye jicho. Wakaburuza pole pole mpaka kituo cha karibu, mchomeleaji akakata sehemu mbovu, akaunganisha, akasaga, akapaka rangi, kazi safi kwa macho. Ila alipokata alikula sentimita 2 hivi na hakuna aliyepima jicho hadi jicho kabla, labda hata haikuwezekana maana ilikuwa vipande viwili. Kuifunga ikawa haifiki, wakavuta ekseli kwa mnyororo mpaka bolti zikaingia. Dereva alilipa mfukoni mwake kwa sababu wiki ileile alishakatwa pesa kwa tairi iliyopasuka, hakutaka Hajati aandike kitu kingine kwenye lile daftari. Ndiyo ile "yenyewe".

Sikumgombeza mzee, banange, nani hajawahi kuficha kitu? Lakini nilimwambia mbele ya tanboi kwamba habari ya Awoja ningeipata siku ya kwanza kazi ingechukua saa 2. Akasema, "Fundi, mimi niliona imepona." Na kweli kwake ilikuwa imepona, iliacha kugonga. Mtetemo ulikuja siku ya pili yake akiwa na mzigo, kwenye akili yake ni ugonjwa mwingine.

Sasa kuhusu kuchomelea tokirodi, mimi siyo mtu wa kukataza kuchomelea, Uganda nusu ya magari yanatembea kwa sababu ya wachomeleaji, lakini kuna vyuma 3 vya chini ya gari ambavyo sichomelei hata kwa dawa: vya usukani, vya breki, na hivi vinavyoshika ekseli. Hosi hii kwa ekseli mbili za nyuma inaruhusiwa kubeba tani 18 kwa sheria ya mzigo ya Afrika Mashariki ya 2016, na nguvu yote ya kuvuta na ya breki inapita kwenye hizo rodi kwenda chesisi. Ile rodi ikiachia ukiwa na simenti ukashika breki, ekseli inazunguka mahali pake, shafti inachomoka, na hapo hatuongei tena habari ya mtetemo.

Rodi mpya ilikuwa shughuli yake. Urefu sahihi nilienda kupima kwenye gari pacha ya jirani yetu mmoja hapa Tororo, mwenye gari aliniangalia kama mwizi mpaka nilipomweleza. Ile ya kwetu ilikuwa fupi milimita 21. Kampala hatukupata kwa bei ya kueleweka, Hajati akapiga simu kwa shemeji yake Nairobi, ikapatikana Kirinyaga Road, ikaja na basi mpaka Malaba siku ya pili, ikiwa imefungwa kwenye gunia na jina la Hajati kwa herufi kubwa.

Kuifunga: ekseli ikapumzishwa kwenye stendi, rodi ya zamani ikatoka kwa kelele kwa vile ilikuwa imevutwa kama upinde, mpya ikaingia kwa mkono bila mnyororo wala matusi. Bolti mpya. Krosi mpya nyuma kwa mara ya 3, na hii natumaini ni ya mwisho, na grisi tukasukuma mpaka ya zamani ikatoka vikombe vyote 4, siyo kimoja halafu unasema imejaa. Kabla ya kufunga shafti tukapima tena. Gari chini, magurudumu yake yenyewe. Mkia wa dif ya kwanza 3.5, shafti 5.4, pinioni 3.3. Krosi ya mbele 1.9, ya nyuma 2.1.

Safari hii nikamwomba Hajati apande. Akakaa katikati na daftari lake mapajani, tukatoka na mzigo kamili kuelekea Mbale. 55, 60, 62, dereva akashika hapo kilomita nzima, kioo cha saidi unasoma namba za gari ya nyuma. Simu yangu kwenye chesisi ilikuja na kilima kidogo cha 41 ambacho unakiona ukikitafuta, kama robo ya kile cha mwanzo au chini ya hapo. Hakikuwa sifuri na haitakuwa sifuri, krosi ni krosi. Mama hakusema kitu mpaka tulipogeuza, ndiyo akamwambia dereva, "Baba, siku nyingine ikikatika, niambie. Nitaandika, lakini niambie." Mzee akasema, "Nimesikia Hajati."

Kitu kimoja hakijaisha. Ukiachia mafuta kati ya 70 na 80 dif ya nyuma inaimba, sauti nyembamba, ukikanyaga inanyamaza. Hiyo siyo mtetemo, ni beringi ya pinioni iliyopigwa ngumi 41 kwa sekunde miezi 3, na sili yake pia imeanza kutoa jasho. Nimekagua oili, ina unga kidogo wa chuma kwenye sumaku ya plagi, vipande hakuna. Tumekubaliana itembee, oili tunaiangalia kila wiki 2, na mwezi ujao gari ikiingia kwa springi ndipo tutaifungua hiyo dif. Beringi nishaagiza.